Msizibe, Msizibue: Risala ya Walimu wa Historia Kuhusu Mahandaki ya Kale ya Bigo, Munsa na Kibengo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa wilaya,
Wazee wetu wa ng'ambo zote mbili za mto Katonga,
Walimu wenzetu na wanafunzi,

Sisi ni walimu wa historia wa shule za sekondari. Baadhi yetu tunafundisha Uganda ya magharibi, na wengine tumevuka mpaka kutoka mkoa wa Kagera, Tanzania.  Tumeiandika risala hii kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotukutanisha, na kwa kuwa Katiba ya Uganda inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Hatukuja kuomba madawati wala maabara, ingawa vyote tunavihitaji. Tumekuja kusema habari za mahandaki.

Mahandaki haya yalichimbwa kuzunguka maboma ya watu na mifugo, kati ya karne ya 13 na ya 16 hivi, katika nchi iliyo baina ya Katonga na Ziwa Albert. Karibu na zama hizo Kilwa ilikuwa ikiinua Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe. Huku bara watu walijenga kwa kuondoa udongo. Bigo bya Mugenyi, wilaya ya Sembabule, ndiyo kubwa kuliko yote. Ukiyaunganisha mahandaki yake yanapita kilomita 10, na mahali pengine kina chake hukaribia mita 4. Wachimbaji walipokuta mwamba hawakuukwepa. Waliukata. Boma lenyewe liko ukingoni mwa Katonga, na mto na kinamasi chake vikafanya kazi ya ulinzi upande ambao jembe halikufika. Munsa iko wilaya ya Kakumiro, na wenye Kinyoro chao watakwambia kuwa jina hilo maana yake ni penye mahandaki. Kibengo iko upande wa Ziwa Albert. Kusini ya Bigo kuna Ntusi, yenye vilima viwili vya taka za kale ambavyo wenyeji huviita dume na jike, pamoja na lile bonde la kuchimbwa linaloitwa Bwogero.

Wenzetu wa Kagera wana haki ya kusimama hapa. Wamara, ambaye masimulizi ya Bunyoro humtaja kuwa mfalme wa mwisho wa nasaba ya kale ya Bacwezi, anajulikana Buhaya nzima, huko Kagera. Bibi zetu walilitaja jina lake kabla hatujajua kusoma. Na shanga za kioo zilizofukuliwa Munsa na Ntusi hazikutengenezwa huku. Zilitoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, zikapokewa mkono kwa mkono kutoka pwani hadi malisho ya bara. Kwa hiyo mahandaki haya yana wenyewe wengi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipowaleta wanafunzi Bigo kwa mara ya kwanza, tulifika kwa hisani ya kijana mchunga ng'ombe aliyetukuta tumepotea. Alituuliza tunatafuta nini. Tulipomjibu, alituongoza vichakani hadi ukingoni, akaonyesha kwa fimbo yake, akarudi kwa ng'ombe wake. Tukasimama. Mwanafunzi mmoja, binti msikivu ambaye hana mazoea ya kukejeli, akauliza kwa upole: "Mwalimu, huu si mtaro tu?"

Swali lile ndilo lililotuleta hapa. Binti hakukosea kuliuliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha vingine, na sisi wenyewe siku ile hatukuwa na jibu la kumtosha. Tangu siku hiyo tumesoma na tumeuliza. Tunaomba tulitoe jibu hilo mbele yako, maana malalamiko yetu yote yamesimama juu yake.

Handaki likishachimbwa huanza kujaa siku hiyo hiyo. Mvua ya kwanza huteremsha mchanga wa kingo hadi chini, na tabaka hilo la kwanza hulala pale likiwa na chochote kilichokuwepo juu: punje za chavua za miti na nyasi za mwaka huo, mkaa wa jiko la jirani, kigae cha chungu kilichovunjika, jino la ndama. Mvua inayofuata huweka tabaka lake juu yake. Watu wakihama, udongo hubadilika rangi, kwa sababu hakuna tena anayekanyaga kingo wala anayetupa majivu. Mtaalamu akikata handaki kwa upana na kulisafisha ukuta kwa mwiko, huyaona matabaka hayo kama kurasa, na kipande cha mkaa kikipimwa kaboni hutoa umri wa ukurasa wake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Udongo uliotolewa handakini ulirundikwa pembeni ukawa tuta, na chini ya tuta hilo ardhi ya kale imefunikwa tangu siku ile. Haijaguswa na mvua, jembe wala kwato. Mwenye kutaka kujua kama palikuwa na msitu, shamba la mtama au nyasi za malisho kabla ya handaki kuchimbwa hana mahali pengine pa kuuliza isipokuwa hapo chini ya tuta. Kwa hiyo handaki na tuta lake ni kitu kimoja. Anayechukua udongo wa tuta kufyatulia matofali amebeba nusu ya ushahidi.

Wapo waliokwisha kuusoma kidogo. Habari za Bigo zilichapishwa katika gazeti la serikali ya kikoloni mwaka 1909. E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia, akaja akapima na kuandika. Peter Shinnie alifukua mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960. Posnansky aliona katika mpangilio wa ndani wa Bigo sura ya makao ya wafalme wa Ankole wa baadaye, akasema huu ulikuwa mji mkuu wa dola. Miaka ya baadaye John Sutton na Andrew Reid wakaja na fikra nyingine: kwamba mahandaki yalikuwa zaidi kwa ajili ya kulinda ng'ombe na mazao na kugawa malisho kuliko kuzuia majeshi. Vilima vya Ntusi vilikuwa vimejaa mifupa ya ng'ombe, mingi ya wachanga, pamoja na mawe ya kusagia nafaka. Peter Robertshaw alipochimba Munsa alikuta makaburi, mashimo ya kuhifadhia chakula na tanuri la kuyeyushia chuma kwenye kilima cha Bikegete.

Wazee wana masimulizi yao, na sisi hatuyaweki kando. Mugenyi, ambaye Bigo imepewa jina lake, alikuwa na ng'ombe aliyempenda kupita kiasi, jina lake Bihogo. Inasimuliwa kwamba aliapa hataishi Bihogo akifa. Msomi akafukua mifupa, mzee akasimulia Bihogo, na wote wawili wakakutana kwenye ng'ombe. Kwetu walimu hilo ni somo zima la jinsi historia ya Afrika inavyopaswa kutafutwa.

Je, palikuwa na mfalme mmoja aliyeamrisha kilomita zote hizo zichimbwe, au ni koo zenye mifugo zilizochimba kila moja sehemu yake kwa vizazi? Mahandaki yote ya Bigo ni ya wakati mmoja? Walihama kwa ukame, kwa vita au kwa tauni ya mifugo? Sisi tunaelemea upande wa Sutton. Lakini ubishi huu hautaamuliwa na sisi wala na yeyote aliyekaa ofisini. Utaamuliwa na udongo ulio chini ya handaki, ukiwa bado upo.

Hapo ndipo malalamiko yetu yanapoanzia.

Tunalalamika, kwanza, kwamba katika nchi zetu mawe yana wenyewe na udongo hauna. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Thimlich Ohinga ya Kenya, maboma ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, iliingia mwaka 2018. Gedi iliingia mwaka 2024. Tunawapongeza ndugu zetu kwa dhati. Bigo na Ntusi ziliwekwa katika orodha ya kusubiri tarehe 10 Septemba 1997. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo ana watoto wake. Bado zinasubiri.

Tunalalamika kwamba mahandaki yanazibwa. Katika moja ya maeneo haya, ambalo hatulitaji ili kumwepusha mwenye shamba na lawama asiyostahili, tulikuta mahindi yamestawi kwa mstari mmoja wa kijani kibichi kuliko shamba zima. Mstari ule ulikuwa ni handaki. Udongo wake ni mzito, una rutuba na unashika maji, basi trekta lilikuwa limesukuma tuta ndani na mbegu zikapandwa juu yake. Mkulima alituambia hakujua. Tunamwamini. Hakuna aliyewahi kumfikia na kumwonyesha mpaka, na sheria ya kulinda kumbukumbu za kale iliyotungwa mwaka 1967 haikuwahi kusomwa kijijini kwake kwa lugha anayoielewa.

Tunaomba isieleweke kwamba tunawalaumu wafugaji. Ng'ombe wamekuwa hapa tangu enzi za Bihogo. Wakichungwa kwa kiasi hupunguza vichaka, na mahali palipolishwa ndipo handaki huonekana vizuri. Adui ni tingatinga, trekta la jembe la kina kirefu, na tanuri la matofali.

Lakini kuna hatari ya pili, Mheshimiwa, na hii inatutisha zaidi kwa sababu inakuja ikiwa imevaa nguo ya mapenzi. Tumesikia katika mikutano zaidi ya mmoja wakisimama watu wenye nia njema wakisema: tulete mashine, tuyazibue mahandaki yote, tuyarudishie kina chake cha kale, tupande nyasi, watalii waje wapige picha. Makofi hupigwa. Sisi hatukupiga makofi. Kuzibua handaki kwa mashine ni kuchota kurasa zote tulizozieleza na kuzimwaga porini kwa asubuhi moja. Mtalii ataona shimo safi, refu, la kupendeza, lisilo na neno ndani yake. Bora lililozibwa, kwa maana chini ya mahindi yale huenda tabaka la mwisho limesalimika. Lililozibuliwa halina marejeo.

Wenzetu wa Uingereza wamepitia njia hiyo na wanaweza kutuonya. Huko kuna takriban mahandaki 6,000 yaliyozunguka nyumba za watu, makao ya mabwana wadogo na wakulima wenye uwezo, mengi yakiwa yamechimbwa kati ya 1250 na 1350 na kujazwa maji. Mengine yalisawazishwa ili kupanua mashamba. Mengine yalizolewa tope na wenyewe ili yapendeze. Pale tope lilipoachwa likae na maji yake, wataalamu wamekuta mbao za madaraja, viatu vya ngozi na mbegu za bustani, na kwa hivyo wakajua maisha ya watu ambao hakuna mwandishi aliyewaandika. Waingereza wana hati, hukumu za mahakama na vitabu vya kodi vya karne hizo, na hata hivyo wanalihitaji tope. Sisi ambao wachimbaji wetu hawakuacha maandishi hata mstari mmoja tunalihitaji mara mia.

Tunalalamika pia kwamba elimu iliyopatikana hapa haikurudi hapa. Ripoti za Shinnie na Posnansky zilitoka katika Uganda Journal mwaka 1960 na 1969. Katika shule zetu zote hatujui hata moja yenye nakala. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na wazee walioonyesha njia, waliosimulia, waliobeba maji na kushika sepetu hawakusomewa matokeo yake. Wengi wao wamekwisha kufa. Vigae vya Bigo, vile vilivyonakshiwa kwa kuviringishiwa kamba iliyosokotwa, mwanafunzi wa Sembabule hajawahi kuviona. Tulipoomba kwa barua katika ofisi moja angalau tuazimwe vichache kwa siku moja ya maonyesho ya shule, tulisubiri jibu muhula mzima, halikuja.

Pengo hilo la elimu limejazwa na uongo. Enzi za ukoloni iliaminika kwamba Mwafrika hawezi kupanga kazi kubwa namna hii, hivyo ikatungwa hadithi ya Wahamiti walioshuka kutoka kaskazini wakiwa na ng'ombe na akili ya kutawala. Wanaakiolojia wameiacha nadharia hiyo siku nyingi. Vyungu, mashimo ya nafaka na mavi ya chuma vinaonyesha watu walioishi hapa, wakalima hapa, wakafuga na kufua chuma hapa, na mabadiliko yao yakakua humu humu. Lakini katika madaftari tunayosahihisha kila mwaka, yule Mhamiti bado yuko hai. Tunamfuta kwa wino mwekundu, mwaka unaofuata amerudi.

Tena kuna jambo la haraka. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangiwa njia inayopita katika wilaya kadhaa za Uganda, zikiwemo Kakumiro na Sembabule. Hatusemi kwamba limegusa handaki lolote. Tunasema kwamba kazi kubwa kama hiyo huambatana na upimaji wa mabaki ya kale, na nyuma ya bomba hufuata barabara, makambi, maduka na bei mpya za ardhi. Mwenye eka tano aliyekuwa akichunga mbuzi juu ya tuta la kale kesho atapata mnunuzi mwenye tingatinga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutokana na hayo tunadai yafuatayo, na tumelichagua neno kudai baada ya kulitafakari.

Tunadai mahandaki ya Bigo, Munsa, Kibengo na vilima vya Ntusi yapimwe yote, kutoka angani na kwa miguu, na mipaka yake iwekwe kwa alama zinazoonekana kabla ya msimu wa mvua wa mwaka ujao. Siku hizi kuna ndege zisizo na rubani, na kuna vipimo vya leza vinavyoona umbo la ardhi hata chini ya vichaka. Kazi ambayo Wayland aliifanya kwa miguu sasa inaweza kukamilika kwa wiki chache. Ramani hizo zibandikwe katika ofisi za kata na vijiji, maana mpaka usiojulikana na jirani hauna nguvu.

Tunadai itolewe amri ya wazi, yenye adhabu, kwamba hakuna mashine itakayoingia katika handaki wala kugusa tuta lake, iwe kwa kuziba au kwa kuzibua. Palipo na haja ya kuonyesha wageni kina cha kale, wanaakiolojia wakate sehemu moja nyembamba kwa utaratibu wao, waiandike, waijengee paa. Sehemu nyingine zote zibaki na udongo wake kwa ajili ya wale watakaokuja na vipimo bora kuliko vya leo.

Kuhusu wenye ardhi tunasema kwa mkazo. Haifai kumwambia mtu mwenye hati, mwenye watoto wa kusomesha, kwamba robo ya shamba lake ni ya taifa kisha taifa lisimpe kitu. Alipwe kila mwaka kwa kipande asichokilima. Vijana wa kaya hizo wafunzwe wawe walinzi na waongozaji wa wageni, kwa mshahara. Yule mchunga ng'ombe aliyetuongoza siku ile aliifanya kazi hiyo bila malipo, na aliifanya vizuri.

Tunadai muhtasari wa yote yaliyofukuliwa tangu 1957 uandikwe kwa Kiswahili, Kinyoro, Kinyankole na Kiganda, kijitabu cha kurasa hamsini, na kila shule ya sekondari ya eneo hili ipewe. Sisi walimu tuko tayari kushiriki kuuandika bila posho. Vigae na shanga vije vionekane karibu na vilipotoka, hata kama ni kwa zamu. Matokeo ya upimaji wa mabaki ya kale katika njia ya bomba yawekwe wazi kwa wananchi wa wilaya husika, upande wa Uganda na upande wa Tanzania.

Na lile jalada lililosubiri tangu 1997 lifunguliwe upya. Lisiwe la Bigo peke yake. Munsa na Kibengo ziingizwe pamoja, kwa sababu maana ya handaki moja huonekana ukiliweka karibu na mwenzake, na kwa sababu kinachostahili kutambuliwa hapa ni nchi nzima ya wachimbaji na wafugaji. Serikali za Uganda na Tanzania zinaweza kulisukuma kwa pamoja ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mheshimiwa, mugenyi katika lugha za huku ni mgeni katika Kiswahili, neno moja lenye matamshi mawili. Leo wewe ndiwe mgeni wetu. Baada ya risala hii tutakutembeza hadi handaki la nje, mwendo wa dakika chache kutoka hapa uliposimama. Njia imefyekwa asubuhi hii na wanafunzi wetu, na binti aliyeuliza swali miaka ile, ambaye sasa ni mwalimu mwenzetu, ndiye atakayekueleza matabaka. Tunakuomba ushuke hadi chini, uushike udongo wake, kisha utujibu madai haya kwa maandishi katika siku 90.